Barua kwa mdogo wangu anayetaka kuacha kucheza sapoti

Mdogo wangu,

Vipi huko, shule inaendaje? Juzi nimeongea na mama mdogo akaniambia uko poa ila jioni ukishika simu unakunja uso mpaka kulala. Nikajua tu ni Mobile Legends, lile gemu la simu la watano kwa watano. Alafu ikaja ile voisi yako ndefu, kwamba umechoka kucheza sapoti, yule wa kulinda na kusaidia wenzake, mkishinda anasifiwa jangla, yule anayewinda porini, mkipigwa unatukanwa wewe, kwa hiyo unahamia kwa wauaji kama wenzako. Nimeisikiliza yote. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu kuna madogo wengi wamekwama daraja la Epic wanapitia hayo hayo na hawana wa kumwambia.

Hasira yako ni ya haki, nianzie hapo. Sapoti anacheza na njaa, gemu ndo lilivyopangwa. Ukishaweka ile baraka ya romu, yaani ya sapoti, kwenye viatu, minioni (wale askari wadogo wa gemu) wakifa ukiwa karibu na mwenzako wewe hugawani naye dhahabu, yake inabaki yake, we unaishi kwa ile inayojiongeza kidogo kidogo na ya asisti, yaani kusaidia mwenzako kuua. Sasa mechi ikifika katikati mwenzako kashajaza vitu wewe bado unatafuta hela ya kitu cha pili, na mtu huyo huyo uliyemwachia minioni anaandika kwenye chati eti sapoti haui. Utaua na nini? Inaniuma sana hiyo, kwa sababu ni mtu anakula sahani yako alafu anakucheka umekonda.

Ila nikwambie kitu. Mechi ikiisha usiishie kwenye namba za nani kaua wangapi, angalia asisti na ile asilimia ya kushiriki vita. Ukiona yako iko juu kuliko ya wote na mmeshinda, basi mechi ulikuwa umeishika wewe, na hata asiposema mtu we unajua.

Na kuna kazi ambayo haiandikwi hata hapo. Mobile Legends haina wodi kama Dota 2 au League of Legends, hakuna kitu unachochomeka chini kikakuangalizia adui. Kichaka kikiwa kimya hujui kuna watu wanne au hakuna mtu, lazima mwili uingie, na mwili wenyewe ni wa kwako kwa sababu ndo mgumu na ndo wa bei rahisi. Turtle wa kwanza, yule kobe mnayemgombania, anatoka dakika ya 2. Usifike dakika ya 2, fika kabla, simama upande ambao jangla wao atatokea, akijitokeza mzuie hata kama unaumia, jangla wenu ammalizie kobe na Retribution, pigo lake la kuwindia, kwa amani. Mwenye laini ya dhahabu, ile njia yenye hela nyingi, akisogea mbele, wewe tangulia kichakani. Ukifa pale ili yeye akimbie, kwangu hicho hakihesabiki kuwa kifo kibaya, na anayekutukana kwa hicho mzimie chati palepale, huna deni la kumjibu.

Hero wako Tigreal ni mzuri, tatizo una haraka. Ulti, lile pigo lake kubwa, ikijaa tu unavuta watu. Ile ulti inakusanya, haimalizi, sasa ukikusanya watatu wakati wenzako wako laini ya juu umejikusanyia waliokuja kukuua. Jicho kwenye ramani ndogo kwanza, wenzako wakiwa hatua mbili nyuma yako ndo uruke ghafla na Flicker na uvute. Na wao wakiwa na Tigreal au Atlas, jifunze Diggie, ulti yake inawatoa wenzako kwenye kukamatwa, itunze kwa ajili ya ulti zao tu hata kama vidole vinawasha. Angela ndo nampenda kuliko wote, unaingia ndani ya mwenzako popote alipo kwenye ramani na unampa ngao, ila anataka mtu ambaye macho yake hayagandi kwenye hero wake mwenyewe. Na najua netiweki ya huko jioni: pingi ikiwa nyekundu achana na Franco, ndoano yake inataka sekunde yenyewe, chukua Estes au Rafaela, hao waponyaji wanakuvumilia.

Nimemtaja Estes, basi tafuta video za M3, mashindano ya dunia ya Mobile Legends huko Singapore, Desemba 2021. Blacklist International wa Ufilipino waliteremshwa kwenye mabano ya chini, mechi moja zaidi ukipoteza unarudi nyumbani, wakapanda hivo hivo mpaka fainali na kuwapiga ONIC Philippines 4-0. Nahodha wao alikuwa OhMyV33NUS, na yeye ni sapoti! Mchezo wao waliuita UBE, watu wote wamebanana wakiponywa pamoja, na Estes ndo silaha ya nahodha mpaka timu zikawa zinamfungia Estes kwenye uchaguzi wa mahero wasikutane naye. Yaani timu za dunia zinaacha kufungia muuaji zinamfungia mponyaji. Na hata kwenye mpira ndo hivo, Real Madrid walimwachia Claude Makélélé, kiungo mkabaji mzaliwa wa Kinshasa, kwenda Chelsea 2003 huku wakinunua majina makubwa ya mbele, na ligi ya Hispania hawakuichukua tena mpaka 2007.

Kama sapoti huipendi moyoni, hama, wala sitakulaumu, chukua jangla ujifunze vizuri. Ila kama unahama kwa sababu ya watu watano wa mtandaoni usiowajua, hapo ndo nakukatalia. Nimecheza na wewe, nimekuona unavyosoma mechi, unajua jangla wao yuko wapi kabla hajaonekana, na hicho watu wengi wanaomaliza mechi na mauaji ishirini hawana.

Ijumaa nikitoka kazini tuingie wawili. Bando ntakutumia mchana, lisiishe kwenye TikTok. Mimi laini ya dhahabu, wewe utaamua palepale kwenye uchaguzi, ila wakiacha Angela wazi naomba umchukue.

Msalimie mama mdogo.

Dada yako