Cheti chako cha ubatizo kipo

Mama, habari za huko Mwanza. Meseji yako mdogo wako kanisomea jana usiku, eti unaogopa cheti chako kimeungua na kanisa. Tulia mama. Letu lilikuwa kigango tu, tawi la parokia, kitabu cha ubatizo kinakaa parokiani, jina lako limo na pembeni yake wameandika na kipaimara. Na hata kile cha zamani ungekuwa nacho padre wa huko angekikataa, kwa ndoa wanataka kilichotolewa ndani ya miezi sita.

Ila kanisa lenyewe ndo hivyo, limebaki kuta. Kuna watu wanamtaja jirani kabisa eti karoga, mi hizo sizitaki, Septemba Tabora nzima watu wanachoma mashamba na warina asali nao huko porini na moshi wao, upepo ukageuka, cheche ikadondokea paa la nyasi, utazima na nini wakati kisima unakijua kilivyo mbali? Wa kwanza kufika na madebe walikuwa jirani zetu Waislamu maana ndo walikuwa wanatoka swala ya alasiri. Vijana wakaivuta nje ile meza ya altare, mninga mtupu ule, uliungua mguu mmoja. Sakramenti haikuwemo, si unajua padre anakuja mara moja kwa mwezi na pikipiki yake na Sakramenti anaondoka nayo, Jumapili zingine katekista anaongoza ibada.

Kinanda cha kwaya kimekwisha, na deni lake bado tunalipa hahaha, yani mwalimu wa kwaya ukimsalimia anaguna tu. Vitabu vya nyimbo navyo kwishney lakini Jumapili iliyofuata tulisali chini ya mwembe na wale bibi wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wakaimba beti zote kichwani, sisi tuliozoea kusoma ndo tukawa tunafungua midomo tu. Rimu ya gari tunayogonga kama kengele inaning'inia palepale kwenye mwembe haijaguswa. Kuna wanaotaka tuezeke nyasi haraka kabla ya mvua, mi nimekataa kwenye kikao, bora tusali nje mpaka bati zipatikane.

Sasa Jumatatu naenda parokiani wakutolee cheti kipya. Nitumie jina la parokia ya huko na la mchumba wako lote vizuri, na nauli ya bodaboda mama, tumbaku hatujalipwa.

Baba yako