Barua kwa mwanangu: kauli ya kutendea

Mwanangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, sisi huku Tanga hatujambo, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Dhumuni la barua hii ni kukujibu lile swali uliloniuliza juzi, nusu kwa mzaha, kwamba kwa nini kila unapomaliza mazungumzo yetu ya simu kwa kuniambia kwa Kiingereza kuwa unanipenda, mimi hukujibu, "Haya mama, umeshakula?" Mtu aliyesomesha sarufi hadi kustaafu hawezi kulijibu swali kama hilo kwa ujumbe mfupi, kwa hiyo utanistahimilia.

Tuanze na salamu hiyo uliyokwisha kuisoma, ambayo vijana huicheka kuwa ni ya kukariri. Ni kweli tuliikariri. Hata hivyo ukiitazama utaona kwamba mwandishi anajitangaza mzima kwa maneno mawili matatu, kisha wasiwasi wake wote anaupeleka kwa yule anayemwandikia. Babu yako alikuwa karani katika shamba la mkonge upande wa Korogwe, na katika barua alizomletea bibi yako hakuna neno hata moja la kubembeleza. Mna bei ya unga, habari za mvua na maagizo kuhusu karo. Lakini ile hofu kwa aliye mbali haikosekani katika barua hata moja, na bibi yako, ambaye alikuwa akisomewa, alikuwa akimwambia msomaji airudie.

Sasa nije kwenye somo langu. Unakumbuka kauli ya kutendea, ile inayoonyesha kwamba jambo linafanywa kwa ajili ya mtu, ambayo kwa wanafunzi wengi ni swali la mtihani tu. Mama yako hakupata kukaa nawe akakueleza anavyokupenda, lakini tangu ukiwa mdogo ulikuwa ukiambiwa: nimekuwekea wali, nimekupigia pasi sare, nimekushonea gauni la Idi, nimekuombea. Katika kila neno kati ya hayo wewe umekaa ndani ya kitenzi, mbele ya mzizi, na mwisho wake umebadilishwa kwa sababu yako. Kazi ya kupika ingefanyika hata usipokuwapo. Ikishakuwa kukupikia, haifanyiki tena bila wewe. Ndiyo maana katika nyumba zetu mtu anayepika pasipo kumwekea aliyechelewa huhesabiwa kuwa amemnunia, hata kama hakutamka neno.

Kauli hiyohiyo, ikigeuzwa kuwa ya kutendewa, ndiyo tunayoitumia katika huzuni. Bibi yako alipofariki, hatukusema tu kwamba amekufa, bali tulisema tumefiwa. Majirani walioingia msibani walitupa pole kwa kufiwa, na hapakuwa na aliyehitaji kutuuliza tulimpenda kiasi gani, kwa kuwa lugha ilikwisha kukifanya kifo chake kuwa jambo lililotufika sisi. Sijui namna iliyo fupi zaidi ya kukiri mapenzi kwa mtu ambaye hawezi tena kukusikia.

Halafu kuna namna tunavyoitana. Mimi nakuita mama kwa sababu umerithi jina la mama yangu, na kwa hiyo sikuweza kukukemea kwa jina lako bila ulimi kusita, jambo ambalo najua ulilitumia vizuri sana utotoni. Kaka yako bibi alimwita mume wangu, akamdai matumizi ya nyumbani mbele ya wageni, na mtoto wa miaka mitano akawa anahangaika kutafuta hela. Utani huo wa bibi na mjukuu ni mapenzi yaliyoruhusiwa kusemwa kwa sauti kubwa kwa kuwa yamevishwa kichekesho. Ama mimi na mama yako, tangu uzaliwe ananiita baba, akiongeza jina lako, nami namwita vivyo hivyo. Wenzako wa huko Leeds, Uingereza, wanaweza kudhani kuwa tumesahauliana majina.

Usidhani nasema kwamba waungwana wa pwani hawakuwa na maneno ya wazi. Mwana Kupona wa kisiwa cha Pate, alipomtungia binti yake utendi mnamo mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alianza kwa kumwita asogee karibu na wino na karatasi. Sehemu kubwa ya wasia wenyewe inahusu utii kwa mume, na sina nia ya kukutwisha mzigo huo. Linalonivutia ni kwamba mama anayejua kuwa siku zake zimekaribia kwisha aliona mapenzi yake yakae katika mawaidha, na kwamba sisi tunaomsoma hatupati shida kuyaona humo.

Ujanani mwangu, neno nakupenda lilikuwa la wachumba na la nyimbo za redioni, na baba wa Ngamiani hapa Tanga ambaye angelimwambia binti yake mkubwa barazani, majirani wangemwona amechanganyikiwa. Leo nawasikia wazazi vijana wakiwaambia watoto wao kila asubuhi kabla ya shule, nami naona ni jambo jema, kwa sababu mtoto hahitaji kufasiriwa. Wewe endelea kuniambia kwa Kiingereza, wala usingoje nikujibu kwa Kiingereza. Ninachokuomba ni kwamba utakapojaaliwa watoto huko, uwaambie unavyowapenda kwa lugha yoyote utakayo, lakini wawekee na kuwapikia kwa Kiswahili, ili siku wakija kwetu wamwelewe bibi yao.

Mama yako amekununulia doti mbili za kanga. Alimfanya muuzaji azikunjue moja baada ya nyingine, akasoma jina kwanza ndipo akatazama rangi na pindo, nasi tukakaa dukani hadi adhuhuri. Jina alilolichagua hakutaka nikuandikie. Shangazi yako atakuletea akija mwezi ujao. Uziloweke kwanza katika maji ya chumvi, peke yake, zisije zikachujia nguo zako nyingine.

Wasalaam,
Ni mimi baba yako.