Sauti ya Alison na Mashine za Vince

Rafiki yangu mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Mimi sijambo, na barua yako imenifika salama. Umeniandikia kwamba wimbo niliokutumia, "Only You" wa kundi la Yazoo, uliusikiliza mara mbili, ukaipenda sana sauti ya mwimbaji, ila hukuelewa kwa nini sauti kubwa namna ile imefungiwa na mashine, kwani muziki wa mashine, kwa maneno yako, hauna roho. Neno hilo nimekaa nalo wiki nzima. Nimeona nikujibu kwa kirefu, maana kundi la Yazoo nalipenda kwa dhati, na ningependa ulifahamu kabla hujalihukumu.

Yazoo walikuwa watu wawili tu, Vince Clarke na Alison Moyet, wote wa Basildon, mji mpya uliojengwa mashariki ya London baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Vince alikuwa mtunzi mkuu wa kundi la Depeche Mode, na mwishoni mwa 1981, wakati albamu ya kwanza ya kundi hilo ndiyo kwanza imetoka na inanunuliwa, alijitoa. Mkononi alikuwa na wimbo mmoja, "Only You", na hakuwa na wa kuuimba. Alison, binti wa miaka 20 aliyekuwa amepitia makundi madogo ya panki, yaani roki ya fujo, ya mji wao na ambaye moyo wake ulikuwa kwenye bluzi, muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, alikuwa ameweka tangazo katika gazeti la Melody Maker akitafuta wanamuziki wa bluzi. Aliyemwitikia ni Vince, kijana mkimya mwenye sinthesaiza, kinanda cha umeme kinachojiundia sauti zake.

Waliurekodi wimbo huo kama sampuli tu, ili Daniel Miller, mwenye kampuni ya santuri ya Mute, ausikie. Ulipotolewa mwaka 1982 ulipanda hadi nafasi ya 2 katika chati ya Uingereza, na "Don't Go" ulioufuata ukafika nafasi ya 3. Ikabidi iwepo albamu, na watu wawili ambao hawakuwa wamepata hata wasaa wa kuzoeana wakajikuta wamefungiana katika studio ya Blackwing, ndani ya jengo la London lililokuwa zamani kanisa. Kwa kuwa mchana studio ilikuwa na mwanamuziki mwingine, wao waliingia alfajiri. Mwenye studio, Eric Radcliffe, ndiye Eric wa jina la albamu hiyo, Upstairs at Eric's. Humo mna kipande kimoja cha sauti za watu wanaoongea zilizopandanishwa ovyo, ambacho mpaka leo huwa nakiruka. Nyimbo zilizobaki sijawahi kuzichoka.

Sasa nije kwenye neno lako. Sinthesaiza alizozitegemea Vince wakati ule zilikuwa, kwa sehemu kubwa, za kutoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Hakuweza kukandamiza vidole vitano akapata ukuta wa sauti kama apigaye kinanda cha kanisani; ilimbidi asuke wimbo uzi kwa uzi, huu wa besi, huu wa kujibu, huu wa kupita juu, na kati ya nyuzi hizo ikabaki nafasi tele. Alison aliimba ndani ya nafasi hiyo, bila gitaa la kupigana nalo wala mpiga ngoma wa kumfunika. Tena mashine haimsubiri mwimbaji: haipunguzi mwendo anapovuta pumzi, wala haiongezi anapopandwa na hisia. Ndiyo maana kila anapochelewa kidogo, kila sauti inapomkwama kooni, unakusikia kule kusita kwake waziwazi, kwa sababu ndiye peke yake anayesita. Kundi la wapigaji wema lingemfuata na kumfichia. Kwa hiyo, Mwanaidi, mimi naona mashine hazikuinyima roho sauti ile, ziliiacha peupe.

Na kama bado una shaka juu ya wimbo wenyewe, kumbuka kwamba Krismasi ya 1983 "Only You" ulishika nafasi ya 1 Uingereza ukiimbwa na kundi la The Flying Pickets kwa midomo mitupu, bila chombo hata kimoja.

Kufikia Krismasi hiyo Yazoo wenyewe hawakuwapo tena. Albamu ya pili, You and Me Both, waliitengeneza kwa sehemu kubwa kila mtu kwa zamu yake, na wimbo mmoja Vince alilazimika kuuimba mwenyewe kwa kuwa Alison aliukataa. Walitangaza kuachana kabla haijatoka, na ilipotoka Julai 1983 ilifika nafasi ya 1. Hawakugombania fedha wala sifa. Hawakuwa wamejifunza kuzungumza, na Alison amelisema hilo hadharani zaidi ya mara moja. Jambo hili hunihuzunisha kila ninapolifikiria, kwa sababu katika santuri wanasikilizana vizuri mno. Yeye akaenda kuimba peke yake, na Vince, baada ya muda, akaanzisha kundi la Erasure pamoja na mwimbaji Andy Bell. Ilipofika 2008 ndipo waliposimama tena jukwaani pamoja, na nyimbo za albamu ya pili zikapigwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza, miaka 25 baada ya kurekodiwa.

Nakuomba usikilize "Winter Kills", aliouandika Alison mwenyewe. Usikilize usiku, watoto wakishalala, kisha uniandikie ulichokisikia, hata kama bado hukubaliani nami.

Wako akupendaye,
Rehema