Wakishindwa, wampe mji

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Barua hii nimeitia kikapuni chini ya chupa ya achari, makusudi uione mkishapita Mariakani. Ningekwambia kwa mdomo, lakini nyumba ilijaa watu, mumeo yuko mbioni na masanduku, na mimi nikianza kulia sijui kunyamaza.

Ni habari ya mtoto na ule mchezo wa bubu wa juzi, wa kuigiza neno bila kusema, wenzako wakisie. Usiseme mama ameshaanza. Soma kwanza.

Ulijua hajaweza kusoma sawasawa, ukamchorea pweza kwenye kikaratasi. Hilo nimelipenda, hata jirani nimemhadithia. Sasa niambie, ulimtazama mikono? Mimi nilimtazama. Alikunja vidole gumba vyote viwili, akabakisha vinane, akavining'iniza chini ya kidevu akivichezesha kimoja kimoja. Vinane! Mtoto wa miaka sita amehesabu minyiri ya pweza. Binamu zake wakapiga kelele: ndevu, mvua, tambi. Nawe umeshika simu, wahesabu sekunde kwa sauti. Dakika ilipokwisha ukamwambia, "Umeshindwa, kaa," watu wakacheka. Akakikunja kile kikaratasi kikawa kama punje ya choroko. Hakusimama tena mpaka tukaadhini isha.

Alishindwa nani pale? Yeye kazi yake aliifanya.

Nilimwomba mdogo wako anitafutie asili ya mchezo huo. Kumbe ulianza Ufaransa katika karne ya 18, na mwanzoni haukuigizwa hata kidogo. Lilikuwa fumbo la maneno: neno lakatwa silabi, kila silabi yafumbwa kivyake. Kuigiza kulikuja baadaye. Basi ni ndugu wa vitendawili vyetu. Na kwenye kitendawili, anayetega hashindwi. Watu wakikosa jibu, wao ndio wanaolipa: "Nipe mji." "Nakupa Lamu." Anakwenda Lamu, anapokewa vizuri, anarudi na jibu lake kichwa juu. Kwa nini kwenu mtoto ndiye akalishwe?

Huko Nairobi mtakuwa peke yenu, jioni ni ndefu na baridi, na najua mtaucheza. Uchezeni. Ila usimhesabie sekunde mpaka akue. Na asiyetaka kusimama peke yake asimame na dada yake, waigize pamoja. Mkokoteni wa maji unataka wawili hata hivyo, mmoja kuvuta na mmoja kusukuma. Yule mkubwa ndiye wa kubanwa. Huyo mpe maneno yenye maana zaidi ya moja, mfano kaa: kaa wa kwenye mikoko ya Tudor, kaa la moto, na kukaa kitako. Au mpe methali nzima, aonyeshe kwa vidole ina maneno mangapi, kisha aguse sikio akitaka kusema neno hili lasikika kama lile. Amerithi akili yako, atapata.

Lakini mdogo, nakuomba, usimcheke akiwa amesimama. Akishakaa na yeye akacheka, hapo chekeni mpaka mchoke.

Kicheko kile cha juzi nilikitambua. Hukukitoa kwa kina babako. Usiku ule stima zilipopotea unaukumbuka wewe kuliko mimi, sina haja ya kuurudia. Nilikuwa nimetoka Marikiti miguu imevimba, nikaona mchezo ni mchezo tu. Halafu mwalimu wako akawa analeta habari kwamba hunyanyui mkono darasani, nami nikawa nakulaumu wewe. Na juzi pia nilijua ni pweza tangu mwanzo. Nikanyamaza, nikitaka wenzake wapate wenyewe.

Mambo mengine: mahamri yako kwenye mfuko wa karatasi, mle kabla ya Voi yasikauke. Blanketi la mtoto ni lile la buluu, usilitie kwenye sanduku la chini. Ufunguo wa chumba chenu nimeuacha palepale, chumba simpangishi mtu. Babako amesema hatakuja stesheni Miritini kwa sababu ya goti. Goti halimuumi. Mpigie mkifika.

Leo alfajiri nilikuwa jikoni nakuna nazi, mtoto akaja na kanzu ya kulalia, akasimama mbele ya mbuzi, akanifanyia tena vile vidole vinane. Nikamwambia pweza. Akaniuliza, "Na wao mbona hawakujua?" Nikamwambia hawakutazama vizuri, kwa hiyo wanadaiwa mji. Akafikiri, akasema yeye anataka Lamu, na lazima aende kwa mashua.

Kwa hiyo anawadai. Akiwa dirishani anatafuta ndovu wa Tsavo, mpeni mji wake, nawe uwe wa kwanza kuutoa.

Chupa ya achari usiilaze, kifuniko chake hakikazi.

Mamako