Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Masafa: Nirudishieni Kisanduku Changu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu na heshima. Nimefika ofisini kwako mara sita, na mara zote sita nimeambiwa uko kikaoni. Nakuandikia hadharani, huenda barua ikaruhusiwa kuingia kikaoni.

Mwezi uliopita vijana wako wawili walipanda paa langu, wakachomoa nyaya na kuondoka na kisanduku kinachoendesha mota za antena yangu ya kusikilizia setilaiti. Kosa langu? Jirani karipoti kwamba antena "inageuka yenyewe usiku". Ni kweli, Mheshimiwa. Inageuka yenyewe. Ndiyo kazi niliyoinunulia mota.

Setilaiti za mzunguko wa chini, zile zinazozunguka karibu na Dunia, hukimbia karibu kilomita 7.5 kwa sekunde. Tangu ichomoze hadi izame, unapata dakika kumi hivi. Nani atashika antena kwa mkono usiku wa manane? Kompyuta ndiyo inayopiga hesabu, inageuza antena, tena inafuatisha masafa, maana kwenye megahezi 437 masafa ya mawimbi hupanda kama kilohezi 10 setilaiti ikija, yakashuka kiasi hicho ikienda zake.

Mmoja wao aliniuliza, "Unaongea na nani huko juu?" Siongei na mtu! Kituo hakina kitumaji hata kimoja. Kinasikiliza tu, kwenye masafa ambayo kimataifa yameruhusiwa kwa setilaiti za ridhaa, yaani za wapenzi wa redio wasiofanya biashara. Nadhani walihisi upelelezi, au labda siku ile walihitaji kurudi na kitu mkononi.

Mwaka jana ulisimama mbele ya wanafunzi ukasema ofisi yako ni rafiki wa sayansi ya anga. Nilikuwepo. Nilipiga makofi.

Jana alfajiri ilipita setilaiti ya wanafunzi ninayoifuatilia, ile ambayo betri yake inachoka na kila ikipita hutuma taarifa ya volti zake. Kompyuta iliamka kwa wakati, ikaziita mota, kimya. Antena imekodolea ukuta wa jirani, palepale vijana wako walipoiacha. Nimerekodi dakika kumi na moja za mchakarisho mtupu.

Leseni tutajadili, faini tutajadili, hata huyo jirani tutamjadili. Kwanza kisanduku. Sidai fidia, sidai kuombwa radhi. Ni cha kijivu, kina swichi mbili, na chini kuna kibandiko chenye jina langu.

Inapita tena kesho, saa 10:12 alfajiri.

Wako mtiifu, bado,
Mwenye antena