Alhamisi: Yona na Nahumu

Bwana asifiwe, wapendwa. Alhamisi hii tunasoma vitabu vya Biblia vya Yona na Nahumu kwa pamoja, maana vyote viwili vinahusu mji mmoja, Ninawi. Katika Yona mji unatubu, kuanzia mfalme hadi mifugo iliyofunikwa magunia, na Mungu anaghairi. Katika Nahumu hukumu inatangazwa, na mwaka 612 KK Ninawi ikaanguka kweli.

Tafadhali linganisheni Yona 4:2 na Nahumu 1:3. Wote wawili wanasema Mungu si mwepesi wa hasira, ila Yona analalamika, Nahumu anaonya. Mimi Yona 4:11 hunigusa sana: Mungu anawahurumia watu zaidi ya 120,000, na wanyama wao pia!

Atakayeongoza sala aniambie kabla ya Jumatano jioni.