Majeruhi wa risasi apewe dozi ya kwanza kabla ya rufaa

Mhariri,

Mtu akipigwa risasi huku Nyanza au Magharibi, Kenya, hekaheka zote huwa za gari: nani ana Probox, ambulensi ina mafuta, Kisumu watapokea? Ni nadra kusikia mtu akiuliza kama majeruhi amepewa asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza uvujaji wa damu, kabla ya gari kuondoka. Sisi tunaohudumu katika vyumba vya dharura tunaona hilo ndilo pengo kubwa, na kuliziba si ghali.

Dawa hii haigandishi damu. Inalinda donge lililokwisha kuganda lisiyeyushwe na mwili wenyewe, jambo linaloanza mapema sana kwa mtu aliyeumia vibaya. Ndiyo maana saa ni kila kitu. Utafiti wa CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010, ulihusisha majeruhi 20,211 katika nchi 40. Waliofariki walikuwa asilimia 14.5 miongoni mwa waliopewa dawa na 16.0 miongoni mwa wasiopewa. Matokeo yalipochambuliwa mwaka 2011 kulingana na muda wa kupewa dawa, picha ilikuwa kali zaidi. Dawa ilipotolewa ndani ya saa moja tangu kuumia, vifo vya kuvuja damu vilikuwa asilimia 5.3 dhidi ya 7.7. Kati ya saa moja na tatu, 4.8 dhidi ya 6.1. Baada ya hapo mambo yaligeuka: 4.4 kwa waliopewa, 3.1 kwa wasiopewa. Aliyechelewa kupita saa tatu asipewe kabisa.

Muda huo huhesabiwa tangu risasi ilipoingia, si tangu mgonjwa aandikishwe. Kutoka Busia hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 100. Ongeza bodaboda ya kumtoa kijijini, kungoja ambulensi na kuandika barua ya rufaa, utaona kwamba dozi inayosubiri hospitali kubwa mara nyingi imeshapitwa na wakati.

Tukisema hivi hujibiwa kuwa dawa haipo. Ulizeni leba. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu moja ya dawa hiyo hiyo kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, nayo ndani ya saa tatu. Ipo kwenye kabati la wakunga, hatua chache kutoka kazualti ambako majeruhi analowesha machela. Wafamasia wa kaunti wanaweza kurekebisha hilo bila kikao.

Ampuli za kawaida, yaani vichupa vya sindano, zina miligramu 500 katika mililita 5, kwa hiyo mtu mzima huhitaji mbili. Zichanganywe na mililita 100 za maji ya chumvi, ziingie kwa dakika 10. Zikisukumwa kwa pupa presha hushuka, na ya majeruhi tayari iko chini. Zisipite kwenye mpira mmoja na damu anayoongezewa. Gramu ya pili huingia taratibu kwa saa 8, na hiyo inaweza kuanzishwa baada ya kufika. Mtoto hupewa miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake. Saa ya kuumia na saa ya dozi ziandikwe kwenye plasta kifuani, maana barua ya rufaa hupotea. Na ampuli zisiwekwe karibu na za ganzi ya uti wa mgongo! Zimewahi kudhaniwa ni za ganzi, na dawa hii ikiingia uti wa mgongo huleta degedege na kifo.

Wenye shaka watataja utafiti wa PATCH wa 2023, ambako kuitoa dawa kabla ya kufika hospitali hakukuongeza idadi ya walioishi bila ulemavu mkubwa miezi sita baadaye. Ni kweli. Lakini katika utafiti huo huo vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 17.3 dhidi ya 21.8, tena katika nchi zenye huduma za haraka kama Australia na Ujerumani.

Hata hivyo, hakuna dawa inayoziba mshipa mkubwa uliokatika. Shashi isindikwe ndani kabisa ya jeraha hadi iguse panapotoka damu, kisha mikono miwili ikandamize dakika 10 bila kuchungulia. Kama ni mkono au mguu na damu haikomi, funga mkanda wa upana wa sentimita 4 hivi, sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, usiwe kwenye goti wala kiwiko, ukaze mpaka damu isimame. Mkanda uliolegea ni hatari kuliko kutofunga: huzuia damu inayorudi moyoni huku ateri ikiendelea kumwaga. Waya na kamba nyembamba hukata nyama na neva.

Dripu nazo zina mazoea mabaya. Mwaka 1994 watafiti wa Houston walifuatilia watu wazima 598 wenye majeraha ya risasi au kisu kiwiliwilini na presha ya chini. Waliocheleweshewa maji mpaka chumba cha upasuaji walipona asilimia 70. Waliopewa mara moja, 62. Maji mengi hupandisha presha, hung'oa donge na kuizimua damu. Kama kichwa hakijaumia, toa maji kiasi tu cha mpigo kusikika kwenye kifundo cha mkono, basi.

Mwisho ni fomu ya polisi ya P3: matibabu yasiisubiri. Hiyo ni ya ushahidi, hujazwa baadaye. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inaitoza hospitali yenye uwezo inayokataa faini ya hadi Sh3 milioni. Ukitaka kuwasaidia polisi, usikate shati palipo na tundu la risasi. Likate kando, litie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, ili lisivunde.

Wahudumu wa vyumba vya dharura,
Kisumu